Altrasaundi Wakati wa Mlipuko: Hofu Isiwe Sababu ya Kutomgusa Mgonjwa

Mwishoni mwa Machi 2023, siku chache baada ya Serikali kutangaza tarehe 21 kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani Kagera, mwanamke wa miaka 26 aliletwa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Kanda ya Ziwa nilikokuwa nikifanya kazi kwa muda. Alikuwa amezimia njiani. Mikono yake ilikuwa baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio, na alikuwa akitokwa na damu ukeni. Mama yake aliyemsindikiza alieleza kwamba binti alikuwa na homa siku mbili zilizotangulia, na kwamba juma lililopita familia nzima ilikuwa msibani. Homa, damu na msiba: maneno hayo matatu yalitosha. Baada ya dakika chache mgonjwa alikuwa amelazwa katika chumba cha kutengea wahisiwa, mlango umefungwa, nasi tumesimama nje tukishauriana nani ampigie simu nani.

Alikaa humo saa mbili na nusu. Muuguzi aliyevaa vazi kamili la kinga alimchoma mara nne kabla ya kupata mshipa wa kumtundikia dripu. Mashine ya altrasaundi ilikuwa hatua 20 hivi kutoka mlango ule, imefunikwa shuka, kwa kuwa ilikwisha kuamuliwa kwamba isiingie kwa mhisiwa yeyote hadi majibu ya maabara yarudi. Mama wa mgonjwa alinifuata pale nje akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijaisahau: "Daktari, kwani mwanangu ananuka, mbona hamumkaribii?" Nikamwambia, "Mama yangu, tunasubiri vipimo." Nilipokuwa nikilitamka neno hilo nilijua kwamba sikuwa nimemjibu.

Aliyetutoa katika butwaa ile ni sista wa zamu, mtu mzima kunizidi kwa miaka mingi. "Dokta," alisema, "huyu akifa usiku huu, hatakufa kwa Marburg. Atakufa kwa damu iliyomjaa tumboni. Vaa, mimi nitakushikia mashine." Tulivaa, tukaingia. Haikuchukua dakika tatu kuona ukanda mweusi wa damu kati ya ini na figo. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Wapasuaji nao walivaa, akafanyiwa upasuaji, akapona. Majibu yake ya Marburg yalirudi baada ya siku mbili, hakuwa nao.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Usiku ule, baada ya sisi kutoka, mashine iliachiwa mfanyakazi wa usafi bila maelekezo yoyote. Naye, kwa nia njema kabisa na kwa hofu aliyokuwa nayo kila mtu, aliisugua proba kwa klorini ya kuoshea sakafu, kisha akaiacha imelowekwa ndani ya ndoo hadi asubuhi. Tuliikuta ngozi yake imevimba na kuachia pembeni, na picha ikawa na mistari myeusi isiyosomeka. Hospitali ilikaa miezi mitano bila proba nyingine. Katika mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja, mgonjwa wa kifua kikuu, mishipa ya shingo imetuna, shinikizo la damu limeshuka, sauti za moyo zinasikika kwa mbali. Kila dalili ilionyesha kwamba maji yameuzunguka moyo na kuukaba. Hatukuthubutu kumchoma sindano kwa kukisia. Tulimpakia kwenye gari la wagonjwa kumpeleka hospitali ya rufaa, naye alifariki kabla gari halijafika.

Ninayaandika haya si kumlaumu mfanyakazi yule, wala uongozi uliotoa amri ya kuifungia mashine. Ninaandika kwa sababu nimeshawishika kwamba wagonjwa wale wawili walikumbwa na kosa moja lenye sura mbili. Kwanza tuliogopa kuitumia mashine. Kisha, tulipoitumia, hatukuwa tumejiandaa kuitumia. Msimamo wangu ni kwamba hatua za dharura zinazoongozwa na altrasaundi hazipaswi kusimamishwa wakati wa mlipuko. Zinapaswa kufanywa na watu wachache, waliofunzwa, kwa utaratibu uliozoewa kabla mlipuko haujafika. Asiye na utaratibu huo na asiingie. Lakini pia asijisifu kwamba amechukua tahadhari, kwa maana amemwacha mtu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya woga. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 wahudumu wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa, na zaidi ya 500 miongoni mwao wakafa, katika nchi ambazo hata kabla ya hapo zilikuwa na madaktari wa kuhesabika. Kagera mwaka 2023 palikuwa na wagonjwa 9 tu, ukimjumuisha mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa maabara. Kati ya 6 waliofariki, mmoja alikuwa mhudumu wa afya. Rwanda, katika mlipuko wa Marburg uliotangazwa Septemba 2024, sehemu kubwa ya wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Mwenye kusema kwamba muuguzi mmoja akifa wagonjwa wengi hukosa mtu wa kuwahudumia anasema kweli, na sina haki ya kumbeza.

Hata hivyo, Rwanda hiyohiyo inatufundisha jambo jingine. Kati ya wagonjwa wale 66 walifariki 15. Nchini Angola, katika mlipuko wa 2004 na 2005, waliugua 374 wakafa 329. Kuna sababu nyingi za tofauti hiyo, na si haki kuzifunga zote katika fungu moja, lakini mojawapo inajulikana: Rwanda iliwapa wagonjwa wake huduma ya wagonjwa mahututi. Wawili kati yao waliwekewa mashine ya kupumulia, wakatolewa wakiwa hai. Huduma ya namna hiyo haiwezekani kwa mbali. Hutaka mishipa ya damu ipatikane, katheta ziwekwe, maji ya mwilini yapimwe. Marburg hadi sasa haina dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Kinachomvusha mgonjwa ni maji, chumvi, damu, oksijeni na uangalizi wa karibu. Na wapo wale ambao hawana Marburg kabisa, kama binti yule, ambao katika kila mlipuko ni wengi kuliko wenye ugonjwa wenyewe.

Hapa inafaa tujiulize hatari yenyewe inakaa wapi. Virusi vya Marburg na Ebola havisafiri hewani kama surua. Huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, au vitu vilivyochafuliwa navyo. Kwa hiyo anayemwekea mgonjwa katheta hutishiwa kwanza na ncha ya sindano, kisha na mikono yake mwenyewe wakati wa kuvua vazi, kisha na vyombo anavyotoka navyo. Ukilitazama suala hivi, altrasaundi hubadilika sura. Ile sindano iliyomchoma binti yule mara nne ilikuwa nafasi nne za muuguzi kujichoma. Mwenye kuuona mshipa kwenye kioo kabla ya kuchoma, na kuifuata ncha ya sindano hadi inapoingia, hupunguza idadi ya machomo. Kwa mshipa mkuu wa shingoni, ambao umelala ubavuni mwa ateri, jambo hili limetambuliwa muda mrefu: Uingereza, kupitia taasisi ya NICE, ilipendekeza tangu 2002 kwamba katheta ya mshipa huo iwekwe kwa kuongozwa na altrasaundi. Wakati ule hoja ilikuwa usalama wa mgonjwa. Wakati wa mlipuko faida hiyohiyo humfikia na mwenye sindano. Ndiyo maana nikisikia kwamba mashine imefungiwa ili kumlinda mhudumu, huona kwamba kinga imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Bila shaka mashine inayoingia kwa mhisiwa mmoja na kutoka kwenda kwa mama mjamzito wa chumba cha pili bila kutakaswa ni hatari kubwa. Katika hospitali zetu nimeona proba ikipanguswa kwa karatasi kavu, au kwa kipande cha shuka, na kuwekwa juu ya tumbo la mtu mwingine. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, katika siku za kawaida, kwa haraka na kwa mazoea. Mlipuko huyafichua mazoea yetu ya siku za kawaida. Hauanzi na makosa mapya. Anayepangusa jeli kwa shuka mwezi wa amani hatageuka kuwa mwangalifu siku atakapovaa miwani iliyojaa ukungu.

Nieleze basi jinsi kazi hii inavyopaswa kwenda, kwa kadiri nilivyofundishwa na nilivyojifunza kwa makosa. Huanza nje ya mlango. Mashine huchajiwa hadi ijae ili isihitaji waya wa umeme unaoburuta sakafuni. Proba zisizotakiwa huondolewa, vikapu hutolewa, karatasi na kalamu hubaki nje, na mashine yote pamoja na kioo chake hufunikwa plastiki inayopenya mwanga. Mashine ndogo ya kushikwa mkononi, inayounganishwa na simu au kishikwambi, hurahisisha sana kazi hii, kwa kuwa chombo chote kinaweza kuingia ndani ya mfuko. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua hiyo. Ikiwa hospitali ina mashine mbili, moja na itengwe kwa ajili ya eneo jekundu na isitoke humo hadi mlipuko umalizike.

Proba huvalishwa mfuko maalumu. Jeli huwekwa ndani ya mfuko kwanza, hewa yote ikakamuliwa, kwa maana kiputo kimoja cha hewa mbele ya proba huzuia picha, na daktari asiyeona huanza kuchokonoa. Mfuko ukikosekana, wengi wetu hutumia glovu isiyo na vimelea. Sioni haya kulisema, mradi kidole kisichotumika kikunjwe na kufungwa vizuri, na waya wa proba nao ufunikwe. Nje ya mfuko, palipo na sindano, itumike jeli isiyo na vimelea ya pakiti ndogo, si ile ya chupa kubwa inayojazwa tena na tena. Mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari dhidi ya jeli ya altrasaundi iliyokuwa na bakteria wa jamii ya Burkholderia na ambayo ilihusishwa na maambukizi ya damu. Ikiwa kiwanda kimeshindwa, chupa yetu ya rafuni, inayoongezwa maji ili isiishe, tuiamini kwa msingi gani?

Ndani, watu wawili. Mmoja humgusa mgonjwa, proba na sindano. Wa pili hagusi chochote ila vitufe vya mashine, naye ndiye msomaji wa hatua kwa sauti. Mpangilio huu waonekana kama anasa ya hospitali zenye watumishi wengi, kumbe ndio unaopunguza idadi ya wanaoingia. Yule wa pili pia ni jicho. Huona glovu iliyochanika, huona nywele iliyotokeza, huona kwamba mwenzake amechoka. Joto ndani ya vazi la kinga katika miji yetu si la kufanyia mzaha, na baada ya saa moja hivi akili huanza kupungua makali kabla mwenyewe hajajua. Miwani ikifunga ukungu kiasi cha kutoiona ncha ya sindano kwenye kioo, mkono usimame. Sindano isisogezwe hata kidogo na mtu asiyeona.

Kisanduku cha kutupia vitu vyenye ncha kali kiwe mahali mkono unapofika bila kugeuka. Aliyechoma ndiye atupaye. Sindano haipokezanwi, wala kifuniko hakirudishwi. Mgonjwa aelezwe kabla ya kuguswa na apewe ganzi ya kutosha, kwa kuwa mtu anayeshtuka ndiye anayefanya sindano iruke. Akiwa amechanganyikiwa na anapigapiga mikono, atulizwe kwa dawa kwanza, au hatua iahirishwe, isipokuwa pale ambapo kuahirisha ni sawa na kumwacha afe. Nami huweka mpaka wa machomo mawili. La pili likishindikana, mkono hubadilishwa au njia hubadilishwa. Ushupavu wa kusema "nitaipata tu" umewagharimu wagonjwa wengi hata pasipo mlipuko.

Ni nani basi aingie? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Katika hospitali zetu, mlango ukiwa wa hatari, anayesukumwa mbele mara nyingi ni daktari wa mafunzo kwa vitendo au muuguzi aliyeajiriwa mwaka huohuo, kwa kuwa hawezi kukataa. Mwenye uzoefu husimama nje akielekeza kupitia dirisha. Nimeyaona, na siku moja nilipokuwa mdogo nilisukumwa hivyo. Kitabibu huu ni upotovu, achilia mbali uungwana. Kazi ya sindano wakati wa mlipuko ni ya mkono uliozoea kuliko yote, kwa kuwa mkono huo humaliza mapema na huchoma mara moja. Bingwa na avae kwanza. Kijana na asimame nje, ashike saa, ajifunze kwa kutazama.

Na si kila picha ni ya dharura. Niliposema mashine isifungiwe sikumaanisha ipelekwe kwa kila mhisiwa ili turidhishe udadisi. Swali la kujiuliza mlangoni ni hili: nikiona hiki ninachokitafuta, nitafanya nini tofauti usiku huu? Damu tumboni hupeleka mtu chumba cha upasuaji. Maji yaliyoukaba moyo hutolewa kwa sindano papo hapo. Hewa iliyobana pafu hutolewa. Mshipa usiopatikana hupatikana. Lakini kupima ukubwa wa wengu kwa ajili ya kujaza fomu kunaweza kungoja majibu ya maabara, tena bila hasara. Majibu hayo yenyewe yana mtego wake: sampuli iliyochukuliwa kabla ya kutimia saa 72 tangu dalili zianze yaweza kuonyesha kwamba mtu hana virusi ilhali anavyo, na hivyo hurudiwa. Asiyetaka kumgusa mgonjwa hadi awe na uhakika kamili atangoja muda mrefu kuliko damu ya mgonjwa inavyoweza kungoja.

Sasa nirudi kwenye ndoo. Kama kuna sehemu moja ya makala haya ningependa ikatwe na kubandikwa ukutani, ni hii inayohusu kutakasa, kwa sababu ndiyo tunayoipa muda mdogo kuliko zote. Hatua ikiisha, mfuko wa proba huvuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, palepale karibu na mgonjwa, ukatupwa pamoja na taka za maambukizi. Kisha jeli yote huondolewa kwa kitambaa chenye unyevu. Hili huonekana dogo, lakini jeli iliyobaki huifunika proba kama blanketi na dawa haipiti. Kisha proba hutazamwa chini ya mwanga: ikiwa ina ufa, hata mwembamba kama unywele, haitumiki tena, kwa kuwa damu huingia ufani na dawa haiifikii. Ndipo dawa ya kuua vimelea hupakwa, ile iliyotajwa na mtengenezaji wa mashine hiyo, na huachwa ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kupaka na kufuta mara moja ni kujidanganya. Waya hutakaswa urefu wake wote, na vitufe, na mshikio, na magurudumu. Iwapo damu iligusa proba yenyewe kwa sababu mfuko ulipasuka, kupangusa hakutoshi. Hapo hutakiwa dawa ya kiwango cha juu zaidi, kwa muda mrefu zaidi.

Klorini ya asilimia 0.5, ambayo katika milipuko imetuokoa sana kwenye sakafu, vitanda na vyombo, si rafiki wa kila proba. Hata spiriti huharibu baadhi yake. Kwa hiyo kitabu cha mashine, ambacho kwa kawaida hufungiwa kabatini kwa mganga mkuu pamoja na kadi ya udhamini, kinapaswa kufunguliwa leo, ukurasa wa dawa zinazokubalika utafsiriwe kwa Kiswahili, upigwe chapa, na ukae juu ya mashine. Na kunyunyizia dawa kwa bomba kuachwe. Maji huingia kwenye matundu ya feni, vimelea hubaki vilipokuwa, na watu huridhika kwa harufu. Mfanyakazi wa usafi aingizwe katika mafunzo haya akiwa na kiti chake kama daktari. Yule wa kwetu hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kidude kina ngozi.

Kwa wewe msomaji usiye mhudumu, ambaye huenda siku moja utakuwa upande ule mwingine wa proba, nina maneno machache. Ukiulizwa kama ulikuwa msibani, au ulimuuguza mtu, au umetoka safari, usifiche kwa kuhofia kutengwa. Jibu lako la kweli ndilo litakalotuwezesha kuvaa sawasawa na kukufikia haraka; la uongo huja kutufichua baadaye, tukiwa tumekwisha kugusana mikono mitupu. Ukiona proba imevalishwa mfuko, usidhani umeonekana mchafu. Hivyo ndivyo tungemfanyia ndugu yetu wa damu. Una haki ya kujua jina la mtu aliye ndani ya vazi lile linaloficha uso, na jina hilo linapaswa kuandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Una haki pia ya kuuliza, kwa adabu, "Je, kifaa hiki kimetakaswa baada ya mgonjwa aliyetangulia?" Daktari anayechukizwa na swali hilo ana jambo analolificha, au amechoka; kwa vyovyote ni vizuri umemkumbusha. Na ndugu wanaosubiri nje wapewe mtu wa kuzungumza nao. Mama yule angevumilia hata saa nne kama mtu angemweleza ukweli badala ya kumwambia neno "vipimo".

Tuna msingi wa kujengea. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kazi mwaka 2010, na tangu hapo madaktari bingwa wa dharura wamekuwa wakifundishwa hapa nchini, altrasaundi ya kando ya kitanda ikiwa sehemu ya kazi yao. Maarifa yapo. Yanayokosekana ni madogo na ya aibu kuyataja: mifuko ya proba, jeli ya pakiti ndogo, proba moja ya akiba kwa mkoa, na saa chache za mazoezi. Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha za wafadhili. Kidari cha kuku kilichopitishiwa mpira mwembamba uliojazwa maji ya rangi ni mshipa mzuri kabisa wa kujifunzia. Jambo la msingi ni kwamba mazoezi hayo yafanywe ukiwa umevaa vazi la kinga, miwani na glovu mbili, mchana wa jua kali, ili mtu ajue vidole vyake vinakuwaje.

Marburg ilirudi Kagera, wilayani Biharamulo, na kutangazwa Januari 2025. Wagonjwa 10 walihesabiwa, 2 wakithibitishwa na maabara na 8 wakihesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa, wote walifariki. Tarehe 13 Machi mlipuko ulitangazwa kwisha. Miezi miwili kati ya tangazo na tangazo ni muda mfupi mno wa kuanza kujifunza kuvalisha proba mfuko.

Hospitali ile ya Kanda ya Ziwa ilipata proba mpya Agosti 2023. Sista alichukua daftari la mistari, akalifunga kwa uzi kwenye mshikio wa mashine, akachora safu tano: tarehe, saa, aliyeitumia, aliyeitakasa, dawa aliyotumia. Mfanyakazi wa usafi aliitwa mbele ya wote akaonyeshwa namna ya kushika proba, akaishika. Nilipopita kuaga mwaka uliofuata, daftari lilikuwa la tatu, na katika safu ya nne jina lake ndilo lililoandikwa mara nyingi kuliko yetu sote.